Bluu ya Bibi Dorkas

Pale Kiomboi, ukiuliza nani anapamba maharusi vizuri, utaelekezwa kwa Rukaiya kabla hujamaliza swali. Saluni yake ipo nyuma ya stendi ya mabasi, chumba kimoja chenye pazia la maua na kiti cha kuzunguka ambacho siku hizi kinazunguka upande mmoja tu. Watu walikuwa wakimfuata kutoka Nduguti na Shelui, na wengine walitoka Singida mjini kwenyewe, wakapita saluni zote za huko wakaja kwake. Sifa yake ilikuwa moja: uso aliopamba Rukaiya haukuonekana kama umepambwa. Bibi harusi alitoka pale kama aliyelala vizuri na kuamka na habari njema, basi.

Rangi zake zilikuwa za kahawia. Kahawia ya biskuti, kahawia ya chai ya maziwa, kahawia ya udongo uliolowa. Mteja akitaja nyekundu au zambarau, Rukaiya alitabasamu, akamsifu kwa kuwa na macho mazuri, kisha akampaka kahawia. Na wengi walishukuru.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka wake wa kwanza kwenye kazi alimpamba binti mmoja wa Nduguti aitwaye Jesca, akamtia kijani juu ya macho, kijani kibichi cha majani ya mahindi. Kabla keki haijakatwa, picha ilikuwa imeshaingia kwenye simu za wilaya nzima, na chini yake mtu kaandika, "Kasuku kaolewa." Rukaiya alisoma neno lile mara nyingi kuliko ilivyompasa. Kesho yake aligawa rangi zake zote kali kwa mabinti wa jirani waliokuwa wakicheza mchezo wa baba na mama, naye akabaki na za kahawia. Hakumtafuta tena Jesca, na Jesca akipiga simu siku hizo, simu iliita mpaka ikakatika.

Basi, mwezi wa sita uliopita, alifika saluni mama mmoja wa makamo, nadhifu, mwenye mkoba wa ofisini. Alijitambulisha kuwa ni Leah, mfanyakazi wa serikali Singida mjini, mtoto wa Mzee Alute wa kule kwenye mteremko wa kwenda Sekenke. Wazazi wake walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na kanisa lingewafanyia ibada ya shukrani, halafu chakula nyumbani. Leah alitaka mama yake apambwe kwa heshima. Akatoa simu, akamwonyesha Rukaiya picha ya mtangazaji wa televisheni mwenye uso laini kama chungu kilichosuguliwa kwa jiwe.

"Kama huyu," alisema Leah. "Usizidishe hata kidogo. Mama ni mtu wa kanisani."

Rukaiya aliona amepata mteja wa moyo wake. Wakakubaliana aende kwanza nyumbani kujaribu, maana ngozi ya mtu mzima si ya kukutana nayo asubuhi ya sherehe.

Alipanda bodaboda mpaka kwa Mzee Alute, akakuta nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya alizeti zilizokwisha kukauka, na mwanamke mwembamba mrefu amesimama uani akiutazama ukuta. Hakuwa akifanya lolote, alikuwa anatazama tu. Rukaiya alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha yule bibi akamwambia, bila kugeuza kichwa, kwamba ukuta ule una nyufa ambazo mumewe hajawahi kumwambia.

Huyo ndiye alikuwa Bibi Dorkas. Leah, aliyekuwa ametangulia kufika, alimweleza Rukaiya habari yenyewe huku akichemsha chai. Kwa miaka mingi mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akienda kisimani kwa mazoea na kuwajua watu kwa sauti zao. Mwanzoni mwa mwaka walikuja madaktari wa macho hospitalini Kiomboi kwa siku chache, Leah akampeleka, akafanyiwa upasuaji, na sasa anaona mpaka sindano mchangani. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Amegundua kwamba kitenge alichokwenda nacho kanisani miaka yote akijua ni cheusi, kumbe ni cha zambarau. Amegundua kuku mmoja anayejulikana kama wake kumbe ni wa jirani. Vikombe vyote ameviosha upya.

Mzee Alute naye macho yalikuwa yameingia ukungu uleule, ila yeye alikataa kwenda hospitali. Alisema njia ya shambani anaijua, njia ya kanisani anaijua, na mke anamjua. Kuna kingine gani cha kuona? Bibi Dorkas alikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo. Alisema mwanamume aliyeshuka mashimo ya dhahabu ya Sekenke ujana wake wote bila kuogopa kufukiwa, leo anaogopa kisindano. Mzee alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda akisikia yote kama hasemwi yeye.

Rukaiya alihakikisha kwanza kwamba daktari alisharuhusu macho yaguswe. Akaambiwa ruhusa ilitolewa zamani. Akafungua mkoba, akaanza kazi. Alifanya kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Alilainisha ngozi, akasawazisha mabaka ya jua, akapitisha kahawia nyembamba juu ya macho na nyingine ya joto kidogo mdomoni. Alipomaliza, Leah alishika kifua. Alisema mama yake amerudi nyuma miaka ishirini.

Bibi Dorkas alipewa kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akakigeuza kioo kwenye mwanga, akajitazama tena.

"Kazi yako ni nzuri, mjukuu wangu," alisema. "Una mkono mwepesi. Lakini umenirudisha kwenye ukungu."

Rukaiya hakuelewa. Ndipo bibi akamweleza, taratibu, jinsi ulimwengu ulivyokuwa kwa miaka ile. Watu hudhani mtu asiyeona vizuri anaona giza. Yeye hakuona giza. Aliona chai. Mbingu zilikuwa za chai, majani ya chai, nyuso za wajukuu za chai, kila kitu kama kimechovywa kwenye sufuria la chai ya rangi kikatolewa. Ilikuja polepole mno hata hakujua kwamba rangi zimeondoka. Alidhani ndivyo dunia inavyozeeka. Halafu asubuhi moja nesi akamwondolea bandeji, na kitu cha kwanza alichokiona, pale chini karibu na kitanda, ilikuwa ndoo ya kudekia. Ndoo ya plastiki, ya bluu. Alilia, nesi akadhani anaumwa.

"Bluu ndiyo iliyokuwa imepotea kuliko zote," alisema. "Nilikuwa nimeisahau kabisa. Sasa ninyi mnanipaka chai. Mimi nataka ile rangi ya ndoo. Hapa." Akagusa kope, moja, kisha nyingine.

Leah alikaa chini. Alimsihi mama yake kwa Kiswahili, akahamia Kinyiramba, akarudi kwenye Kiswahili. Alimkumbusha kuhusu mchungaji, wazee wa kanisa na wageni watakaotoka Singida. Mwisho akasema lile alilokuwa akilizunguka: "Mama, watu watakucheka."

"Wacheke," alisema Bibi Dorkas. "Nitawaona wakicheka."

Mzee Alute alikohoa kwenye kigoda chake, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Rukaiya alirudi Kiomboi na moyo mzito. Usiseme hakumpenda yule bibi, alimpenda. Lakini bluu ya ndoo juu ya macho ya mwanamke wa miaka sabini na ushee, mbele ya kanisa zima, na jina la aliyepamba likiulizwa! Alishaona picha ikizunguka kwenye simu. Alishaliona hata neno litakaloandikwa chini yake. Akawaza usiku kucha, akapata njia ya katikati, au hivyo ndivyo alivyoiita. Aliagiza rangi kwa kondakta wa basi la Singida: kikopo cha bluu kali na kingine cha kijivu. Angechanganya, angepata bluu iliyonyamaza, bluu ya heshima. Bibi angeambiwa ni bluu, na angeridhika. Mtu aliyekaa miaka kwenye ukungu angejuaje tofauti?

Asubuhi ya Jumapili alifika mapema. Uani wapishi walishawasha moto, na Leah alikuwa akikimbia huku na huku na kitabu cha nyimbo mkononi. Rukaiya alimkalisha bibi karibu na dirisha, akatengeneza uso, kisha akapaka mchanganyiko wake. Ulikaa vizuri, kusema kweli. Ulikuwa wa kistaarabu. Akampa kioo.

Bibi Dorkas hakuchukua hata muda wa kupumua.

"Haya ni majivu," alisema, "ambayo bluu imepita karibu."

Rukaiya aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni. Alianza kueleza habari za mwanga na ngozi, maneno ya kitaalamu, bibi akamwacha mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamuuliza kwa upole anaogopa nini. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani, na yale macho mapya yalikuwa yakimtazama moja kwa moja. Rukaiya akajikuta amesimulia yote: harusi ya Nduguti, kijani, kasuku, rangi alizowagawia mabinti.

"Na bibi harusi mwenyewe alisemaje?" aliuliza Bibi Dorkas.

Rukaiya alikumbuka maneno ya watu wengi kuhusu uso ule. La Jesca hakuwa na hata moja. Alikumbuka tu simu zilizoita mpaka zikakatika.

"Sikumuuliza, bibi."

Bibi Dorkas hakutoa fundisho. Alifumba macho, akaweka mikono mapajani, akangoja.

Rukaiya akafuta majivu. Akafungua kikopo cha bluu, safari hii peke yake. Na hapo, jamani, kazi ikawa kazi. Kope za mtu mzima zina mikunjo. Rangi ya unga ukiipaka inakimbilia mikunjoni na kuacha mistari kama shamba lililolimwa kwa jembe la ng'ombe. Kwa hiyo aliacha brashi, akalainisha rangi kwa tone la mafuta, akaibonyeza kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, akinyoosha ngozi kwa kidole kingine. Aligundua kwamba juu ya ngozi nyeusi ile bluu haikupiga kelele kama alivyoogopa. Ilitulia, ikang'aa kutoka ndani. Akaona mdomo ukitiwa rangi utagombana nayo, akaupaka mafuta tu. Nyusi akazichana, asizichore. Hakuwa amefanya kazi kwa namna ile kwa miaka mingi, bila kujua itaishia wapi, na alijishangaa kwamba anaimba chinichini.

Bibi alitazama kioo. Alifumba jicho moja, akalitazama kwa lile lingine, akabadilisha. Akacheka kama msichana.

Leah aliingia, akaona, akasimama mlangoni. Kisha akasema anaenda kuangalia wali, akatoka.

Kanisani walipoingia, wazee wale wawili wameshikana mikono nyuma ya kwaya, ulipita ukimya mdogo, kama ule wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Halafu minong'ono ikaanza, benchi kwa benchi. Rukaiya, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango na mtandio wake, tayari kwa lolote. Aliona mabega ya akina mama fulani yakitikisika. Aliona simu zikiinuliwa. Na alimwona Bibi Dorkas akigeuza kichwa polepole, upande huu na upande ule, akimtazama kila aliyekuwa akimtazama, uso kwa uso, kwa furaha kubwa, kama mtu anayehesabu baraka. Aliyekuwa akicheka alijikuta anatabasamu. Mchungaji mwenyewe alipoinua macho kutoka kwenye kitabu na kukutana na zile kope, alipoteza mstari, akasoma aya moja mara mbili. Waumini wakaitikia amina mara mbili pia.

Mzee Alute alisikia minong'ono. Macho yalikuwa hafifu lakini masikio yalikuwa ya kijana. Neno "bluu" lilimfikia kutoka kila upande. Wakati wa chakula, wakiwa wamekaa mezani chini ya turubai, alimwomba mkewe asogee. Akamshika kidevu, akamleta karibu kabisa na uso wake, wageni wote wakitazama na wengine wakipiga vigelegele wakidhani ni mahaba. Alitazama sana. Aliona chai.

Mshereheshaji alipompa kipaza sauti ili atoe neno la shukrani, Mzee Alute alisimama, akaacha kabisa hotuba aliyofundishwa na Leah.

"Nimekaa na huyu mwanamke miaka hamsini," alisema. "Leo kuna kitu usoni kwake, na mmekiona ninyi nyote, mpaka watoto, mpaka mpiga ngoma. Ni mimi tu mwenye mke nisiyekiona. Hiyo si haki." Akageuka kumtafuta binti yake. "Leah, wale madaktari wanarudi lini?"

Watu walishangilia mpaka kuku wakakimbilia migombani. Leah alilia, akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Bibi Dorkas aliendelea kula nyama yake kama kwamba hakusikia, ila bluu ya kope zake ilikuwa ikipanda na kushuka haraka haraka.

Picha ilizunguka, ndiyo. Rukaiya hakulala akiingoja. Ilikuja kutoka kwa mtu asiyemfahamu, na chini yake mtu kauliza, "Aliyempamba bibi huyu anapatikana wapi?" Wiki iliyofuata mwanamke mmoja wa Kinampanda, mwenye wajukuu wakubwa, alikuja saluni akataka rangi ya maua ya viazi. Akafuata mwingine aliyetaka chungwa. Wasichana hawakuacha kahawia zao, na Rukaiya hakuwalazimisha. Ila sasa, kabla ya kufungua mkoba, alimuuliza kila mmoja kitu gani anapenda kukitazama, kisha akanyamaza asikilize.

Siku moja alijikaza akampigia Jesca. Aliomba radhi kwa habari za kijani. Jesca alicheka mpaka mtoto wake mchanga akaanza kulia kule upande wa pili. Alisema kijani kile alikichagua mwenyewe, je, Rukaiya amesahau? Picha ile imetundikwa sebuleni, na mumewe mpaka leo akitaka kumbembeleza humwita kasuku. Kilichomuumiza ni jambo moja tu: alimtafuta Rukaiya amjie kwenye ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, simu haikupokelewa. Rukaiya aliomba radhi upya, safari hii kwa kosa lenyewe, na wakapanga siku ya kuonana.

Madaktari walirudi baada ya mavuno kuisha. Mzee Alute alipanda gari la kwenda hospitali amevaa koti la jubilei, amekaza uso, hasemi na mtu. Alifanyiwa jicho moja kwanza. Kesho yake alfajiri Bibi Dorkas alimgongea Rukaiya mlango, akakaa kwenye kile kiti, akafumba macho. Hakuwa na haja ya kusema rangi gani. Walikwenda hospitali pamoja, Leah akawakuta huko.

Wodini wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi kwa mstari, kila mmoja na bandeji yake. Nesi alifika kwa Mzee Alute, akambandua plasta, akamsafisha, akamwambia afumbue taratibu. Alifumbua. Kwanza alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaonekana hakupendezwa nayo. Kisha akainua uso.

Bibi Dorkas alikuwa amesimama mbele yake, wima, kama mtu anayepigwa picha.

Mzee alimtazama kwa muda mrefu sana. Jicho lile lilijaa maji, nesi akamkataza kulifikicha.

"Mbona hukuniambia umezeeka?" alisema hatimaye.

"Nawe hukuniambia ukuta una nyufa."

Benchi zima lilicheka. Mzee Alute alimwashiria asogee, akainamisha kichwa upande mmoja, akazichunguza zile kope kama alivyokuwa akichunguza jiwe la dhahabu zamani, kulia, kisha kushoto. Alisema kweli rangi ni nzuri na mpambaji anaijua kazi yake. Ila kama yeye angeulizwa, angependa zaidi njano, njano ya alizeti.

"Macho ni yako, baba Leah," alisema Bibi Dorkas. "Kope ni zangu."

Kutoka hospitali mpaka stendi ni mwendo mfupi, lakini siku ile ulichukua asubuhi nzima. Mzee Alute alisimama kwenye kila duka na kila ukuta, akisoma maandishi kwa sauti, bei ya saruji, tangazo la mkutano, jina la basi, na pale saluni ya Rukaiya alisimama akamwambia kwamba pazia lake la maua ni chafu. Rukaiya alilitazama. Lilikuwa chafu kweli. Alilishusha pale pale, akaliloweka, huku wale wazee wakiendelea na safari yao, wakibishana kuhusu rangi ya basi lililokuwa likiwangoja.